Msaada: gitaa la solo halishiki tyuni, hasa uzi wa G. Nibadilishe mashine za kutyuni?

Kitasa_Makorora
Wakuu, salaam. Gitaa ni kopi ya Stratocaster (gitaa la umeme la Fender), tremolo (daraja linaloyumba kwa mkono wa chuma) ya skrubu sita, springi tatu nyuma, mfupa wa juu (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kati ya shingo na kichwa) ni wa plastiki. Lilikuwa na nyuzi nyembamba za 9-42, sasa lina nene za 10-46. Tangu zibadilishwe ni kero tupu.

Dalili ni hizi. Natyuni kwa simu, nyuzi zote sita kijani. Wimbo mmoja tu, G imeshuka, D inaifuata. Nikizamisha mkono wa tremolo halafu nikaachia, G na B zinarudi zikiwa juu. Nikizungusha mashine ya G taratibu hakuna kinachotokea, halafu inalia "tik" na sauti inaruka kupita pale ninapotaka. Daraja nalo limeinuka upande wa nyuma, lilikuwa limelala vizuri.

Tunapiga harusini na kinanda, na kinanda hakina huruma. Nimeshauriwa niagize seti ya mashine Kariakoo. Kabla sijatoa hela, wenye kujua semeni.

BesiNzito
Badilisha mashine, mkuu. Hizo za kwenye makopi hazina maisha.

fundi_waya_TA
BesiNzito, usimtoe mtu hela bure. Soma tena dalili zake, karibu zote ziko sehemu moja, na sehemu hiyo si mashine.

Mashine ya gitaa ni skrubu inayozungusha gurudumu la meno. Nyingi ni 14 kwa 1 au 18 kwa 1, yaani unazungusha kitufe mara 14 au 18 ndipo nguzo inayoshika uzi izunguke mara moja. Gia ya namna hii inasukumwa upande mmoja tu: kitufe kinaweza kuzungusha nguzo, nguzo haiwezi kuzungusha kitufe. Uzi uvute utakavyo, hauirudishi nyuma. Ulegevu wa meno upo, hata kwenye mashine za bei, lakini unajitokeza pale unapogeuza mwelekeo. Ndiyo maana kutyuni kunaishia kwa kupanda. Ukiwa juu ya noti, shuka uipite, kisha panda uifikie. Hapo mvutano wa uzi unayabana meno upande mmoja na hayaendi popote.

Usiamini maneno yangu, pima mwenyewe. Chukua maka pen yenye ncha nyembamba. Chora mstari kwenye kichwa cha nguzo ya G, uendelee mpaka kwenye washa yake. Weka nukta nyingine juu ya uzi wenyewe pale unapoingia kwenye tundu la nguzo. Tyuni, kisha piga kama kawaida mpaka G ishuke. Sasa angalia:

Mstari umekatika, nguzo imezunguka, mashine ni mbovu kweli.
Nukta imetoka kwenye tundu, uzi unateleza, yaani ulifungwa vibaya.
Vyote viko palepale na tyuni imehama, basi mashine iache na umalizane na mfupa au daraja.

Kitu kimoja cha mashine ambacho watu hawakigusi: kaza nati iliyo juu ya kichwa kuzunguka nguzo (nyingi ni spana namba 10) na skrubu ndogo za nyuma. Zikilegea, mashine nzima inayumba kwenye tundu lake. Kaza kwa mkono mwepesi, mbao ya kichwa inapasuka.

Solo_Raskazone
Naongezea kwa fundi_waya. Mwelekeo wa kosa unakwambia chanzo, watu wengi wanasema tu "limetoka" bila kusema limetoka juu au chini.

Ukivuta uzi kwa kidole, kipande cha uzi kilicho upande wa mashine kinatoa milimita chache kupitia mfupani kuingia upande wa freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo). Ukiachia, zile milimita zinatakiwa zirudi. Mfereji ukizibana, zinabaki upande wa freti, uzi unakuwa umelegea kidogo: sauti inashuka.

Ukizamisha tremolo mambo ni kinyume. Upande wa freti unalegea, upande wa mashine unavuta uzi kwake. Ukiachia mkono, daraja linarudi lakini mfupa umeng'ang'ania kile kipande: sauti inapanda.

Kwa hiyo mtu ambaye uzi wake unashuka akivuta na kupanda akizamisha, huyo mfupa umebana. Anayeshuka tu siku zote, hata asipogusa tremolo, aangalie nyuzi mpya ambazo hazijanyooka au mizunguko iliyolegea kwenye nguzo. Kitasa ana hali ya kwanza, na huo mlio wa "tik" ndio muhuri: uzi umekwama, mvutano unajazana nyuma ya mfupa, halafu unajiachia kwa mkupuo.

Kuna kipimo cha sekunde tano. G ikishuka, usizungushe mashine. Bonyeza kwa kidole gumba kile kipande cha uzi kilicho kati ya mfupa na mashine, kisha achia. Ikiwa noti imerudi mahali pake, umeshapata jibu.

Kitasa_Makorora
Nimefanya yote mawili. Mstari na nukta havijasogea hata unywele. G iliposhuka nikabonyeza nyuma ya mfupa, ikarudi kijani. D vilevile. Haya, mfupa unatengenezwaje?

Kitara_Pwani
Hapo ndipo penye kazi. Tuanze na kwa nini ilianza baada ya kubadili nyuzi.

Namba za nyuzi ni elfu za inchi. Kwenye seti ya kawaida ya 9 uzi wa G ni 16, yaani milimita 0.41, D ni 24, milimita 0.61, E nene ni 42, milimita 1.07. Seti ya 10 ina G ya 17 (0.43), D ya 26 (0.66), E ya 46 (1.17). Mfereji uliochongwa kiwandani kwa ajili ya 9 unapokea 10 kwa kubanwa. Uzi unaingia, unaonekana umekaa, lakini umeshikwa mbavuni. Mfereji unatakiwa uwe mpana kuliko uzi kwa kama milimita 0.05.

G ndiyo inayoonekana kwanza kwa sababu haina waya wa kuzungushiwa, ni chuma kitupu kinene. Mnyooko mdogo sana unahamisha sauti yake kuliko nyuzi nyingine. D nayo ina mikunjo ya waya wa nje, na mikunjo hiyo inakwaruza plastiki kama msumeno, ndipo inapokwama.

Hatua ya kwanza haina hatari yoyote. Legeza G mpaka uitoe kwenye mfereji, uweke pembeni. Chukua penseli laini, 2B au zaidi, chonga ncha kali, sugua ndani ya mfereji mpaka sakafu na kuta ziwe nyeusi zinazong'aa. Ukitaka ikae zaidi, kwangua unga wa risasi ya penseli, changanya na vaseline kiasi cha kichwa cha kiberiti, paka kwa ncha ya sindano. Rudisha uzi, futa kilichomwagika. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita, na chini ya vile vibana uzi vilivyo kwenye kichwa (Stratocaster ina kimoja au viwili), na pale uzi unapokalia tandiko la daraja.

Risasi ya penseli inapunguza msuguano, haipanui mfereji. Kwako itapunguza tatizo, haitalimaliza.

mpiga_kinanda_ch
Mafuta ya nazi je? Au yale ya cherehani?

Kitara_Pwani
Hapana kwa yote mawili. Mafuta ya maji yanapita mfupani na kuingia kwenye mbao ya shingo, yanakamata vumbi, na baada ya muda yanageuka gundi. Ya nazi yanaganda kukiwa na ubaridi. Vaseline inatosha kwa sababu inabaki unapoiweka.

Hatua ya pili, kupanua mfereji. Tupa maalumu za kazi hii huzipati Tanga kirahisi, lakini kuna mbadala kwenye maduka ya vifaa vya kuchomelea: ile seti ya vijiti vyembamba vyenye meno vya kusafishia ncha za gesi. Vinapangwa kwa unene, kile chembamba kabisa kwenye seti nyingi kinakaribia nusu milimita. Hicho ndicho cha G. Kwa D, A na E nene, pima kijiti kwa venia (kipimo cha unene) na uchague kilicho kikubwa kidogo kuliko uzi. Kwa B na e nyembamba vijiti hivyo ni vinene mno. Tumia msasa namba 600 uliokunjwa mara moja.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mifupa inapoharibiwa. Kazi ni kupanua kuta, si kuchimba sakafu. Ukichimba chini, uzi wazi utalia "zzz" kwenye freti ya kwanza na hakuna kurudi nyuma isipokuwa kuujaza tena. Shika kijiti kikiwa kimeinama kuelekea kwenye mashine, sawa na mteremko wa uzi nyuma ya mfupa au pungufu kidogo. Sakafu ya mfereji inatakiwa iwe juu zaidi upande wa freti na iteremke kuelekea kichwani. Kilele kikiwa katikati au nyuma, uzi unacheza ndani ya mfereji na unatoa sauti ya kukwaruza.

Vuta mara tatu au nne tu, puliza unga, rudisha uzi, tyuni, sikiliza. "Tik" ikipotea, acha. Usipendezeshe.

Kabla hujaanza, pima kimo. Bonyeza G kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa ibaki nafasi ndogo mno, karatasi ya kawaida ya kuchapishia (milimita 0.1) ipite kwa shida. Ikiwa uzi umeshagusa freti kabisa, mfereji umeisha kina, mfupa huo unabadilishwa.

BesiNzito
Na mfupa mpya mtu anaupata wapi bila kuagiza?

fundi_waya_TA
Buchani. Muundi wa ng'ombe, sehemu ya katikati yenye ukuta mnene. Chemsha na sabuni mpaka mafuta yatoke, kwangua, anika kivulini siku kadhaa ukauke kabisa. Kata kipande, kisugue juu ya msasa uliowekwa kwenye kioo ili kiwe bapa. Stratocaster nyingi zinachukua unene wa milimita 3.2 hadi 3.5 na urefu wa milimita 42 au 43, lakini pima wa zamani kwa venia, usipime kwa maneno yangu. Funga pua na mdomo unaposugua, unga wa mfupa ni mbaya kifuani.

Kuutoa wa zamani: pitisha wembe kuzunguka ukingo wake kwanza ili rangi isibanduke, kisha uugonge taratibu kutoka ubavuni. Wa kurudisha unawekwa kwa tone moja dogo la gundi, si kumwaga. Uzi wenyewe utaukandamiza.

Unga wa mfupa usitupe. Ukichimba mfereji kupita kiasi, jaza unga huo na tone la supa gluu, ngoja ukauke, chonga upya. Si wa kudumu kama mfupa mzima ila unakutoa kwenye shughuli ya Jumamosi.

Solo_Raskazone
Tusisahau kile alichosema mwisho, daraja limeinuka. Hilo pia limeletwa na nyuzi.

Seti ya 9-42 kwenye gitaa la milimita 648 inavuta jumla ya kilo 38 hivi. 10-46 inavuta karibu 47. Springi tatu zilizokuwa zinalingana na 38 zimepata mzigo wa kilo 9 zaidi, zimenyooka, daraja limeinama mbele. Likiinama, nyuzi zinapanda juu ya freti, oktava zinahama (noti za freti ya 12 hazikubaliani na uzi wazi), na makali ya daraja yanasugua skrubu kwa pembe mbaya kila unapotumia mkono.

Utaratibu ambao hauchoshi: tafuta vile vibao vya plastiki vinavyobaki ukishabandua laini ya simu. Kila kimoja kina unene wa milimita 0.76, sawa na kadi ya benki. Pangilia vinne, unapata milimita 3, ndiyo nafasi inayofaa nyuma ya daraja linaloelea. Fungua kifuniko cha nyuma. Kuna kibati kinachoshika springi, kimekazwa na skrubu mbili ndefu zinazoingia kwenye mbao. Legeza nyuzi kwanza. Sukuma vibao chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, kisha kaza zile skrubu mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku nusu mzunguko kule, mpaka daraja livibane. Tyuni nyuzi zote sita. Sasa anza kulegeza skrubu robo robo mpaka vibao vichomoke kwa kuvutwa kidogo. Daraja limebaki kwenye milimita 3 na tyuni iko karibu sana, unamalizia tu.

Skrubu zikifika mwisho na daraja bado limeinuka, ongeza springi ya nne.

Bila vibao utazunguka mpaka uchoke: unatyuni E, A inashuka, unatyuni A, E inashuka. Daraja linaloelea linagawana mvutano, ukiongeza uzi mmoja mingine inalegea, ukikata mmoja mingine yote inapanda. Huo si ubovu. Ukivuta G kwa kidole na E wazi ikashuka kwa wakati huohuo, hiyo ni tabia ya tremolo hiyo tangu Leo Fender aitoe mwaka 1954.

mpiga_kinanda_ch
Kama hatumii tremolo kabisa si alaze tu?

Solo_Raskazone
Kwa shughuli za harusi ndiyo ningemshauri, kusema kweli. Kaza kibati, weka springi nne au tano, daraja liguse mwili. Bado ataweza kuzamisha, hataweza kuinua, na uzi ukikatika katikati ya wimbo mingine haihami. Anayetaka kulifunga moja kwa moja aongeze kipande cha mbao ngumu kati ya lile bonge la chuma lililo chini ya daraja na ukuta wa tundu upande wa kitako cha gitaa.

Anayebaki na la kuelea ashughulikie zile skrubu sita za mbele pia. Zikikazwa zote mpaka chini, daraja haliwezi kurudi mahali pamoja. Zilegeze, kisha shusha mbili za pembeni mpaka ziguse bati bila kulibana, nne za katikati ziache juu kidogo zisifanye kazi. Pale chuma kinapokutana na chuma, vaseline na risasi ya penseli.

ridhimu_Ngamiani
Samahani kwa kudandia. Langu ni la daraja lisilo na tremolo, mashine tatu tatu. Halitoki tyuni, lakini halikubaliani. Nikityuni wazi, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya E inatulia, ya C na ya F zinachacha. Nikityuni C itulie, E inaharibika. Ni ugonjwa huohuo?

Kitara_Pwani
Ndugu yangu, huo ni mwingine. La kwanza haliko thabiti, la kwako liko thabiti lakini vipimo vyake vimekosewa. Kuna sehemu tatu, zifuate kwa mpangilio huu.

Kimo cha mfupa. Mifereji ikiwa juu mno, kubonyeza freti ya kwanza kunamaanisha kuushusha uzi mbali, na kuushusha ni kuuvuta, basi noti inapanda. Freti za 1 hadi 3 zinaathirika zaidi, freti za juu wala hutasikia. Tumia kile kipimo cha karatasi nilichoeleza hapo juu. Kwako wewe ndiyo unachimba sakafu, kidogo kidogo.

Shinikizo la mkono. Freti ndefu na vidole vizito vinaisukuma G juu hata gitaa likiwa sahihi. Weka programu ya kutyuni mbele yako, bonyeza G freti ya 2 mpaka noti itoke safi tu, tazama sindano. Kisha bonyeza kwa nguvu unayotumia jukwaani. Utaona mwenyewe.

Oktava. Hii ifanye kwa nyuzi mpya tu. Piga hamoniki juu ya freti ya 12 (gusa uzi kwa wepesi bila kuubonyeza), kisha bonyeza freti hiyohiyo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, tandiko la uzi huo lirudi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogee mbele. Legeza uzi kidogo kabla ya kugeuza skrubu ya tandiko, la sivyo unakula kichwa chake. Ukimaliza, matandiko yanapaswa kuonekana kama ngazi mbili: E nene nyuma, A mbele yake, D mbele zaidi, kisha G inarudi nyuma, B mbele, e mbele kabisa. Yakikaa mstari mmoja mnyoofu, hakuna aliyewahi kulipima gitaa hilo.

Mwinyi_wa_nyuzi
Mimi natyuni kwa hamoniki, freti ya 5 na ya 7, sihitaji simu. Zinatulia kabisa.

fundi_waya_TA
Zinatulia zenyewe kwa zenyewe, Mwinyi, lakini kinanda kinakukatalia, na hesabu yake ni nyepesi. Hamoniki ya freti ya 7 inakupa nafasi safi ya asili, wakati freti na kinanda zimegawanywa sawasawa kwa nusutoni 12. Tofauti ni senti 2, na senti 100 ni nusutoni moja. Ukianzia E nene: A inakuwa chini kwa senti 2, D kwa 4, G kwa 6. Kisha B wengi wanaichukua kutoka hamoniki ya 7 ya E nene, hiyo inakuja juu kwa senti 2. Kati ya G na B umeshatengeneza kosa la senti 8. Halafu mtu anapiga kodi ya G karibu na kinanda na kulaumu mashine.

Tyuni kila uzi peke yake kwa kifaa. Kile cha kubana kwenye kichwa kinasoma mtikisiko wa mbao, kwa hiyo ukumbi ukiwa na kelele kinaendelea kufanya kazi. Simu inasoma hewa na kila kitu kilichomo. Na hakikisheni programu iko kwenye A ya 440, wengine wanakuta imekaa 432 na hawajui. Kinanda nacho kina sehemu ya kuhamisha tyuni ya jumla, mwenzako anaweza kuwa ameigusa bila kujua.

mpiga_kinanda_ch
Nimeangalia yangu, iko 440. Kesi si yangu 😂

Solo_Raskazone
Kufunga nyuzi nako kwa ufupi, maana nusu ya magitaa mjini yanaugua hapo. Nguzo nyingi zina kipenyo cha milimita 6, mzunguko mmoja unakula karibu milimita 19. Ukiacha sentimita 5 za uzi kupita nguzo, unapata mizunguko miwili na nusu, inatosha kwa E, A na D. Kwa G, B na e acha sentimita 7 hivi, upate mitatu na kitu. Kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia, usipande juu yake. Mizunguko minane si usalama, ni springi ambayo itakuwa inajikaza kidogo kidogo usiku mzima.

Ukimaliza, shika uzi juu ya freti ya 12, uvute kutoka kwenye gitaa kama sentimita 2, achia, tyuni tena. Rudia mpaka usishuke tena, kwa kawaida mara tatu hadi tano. Usivute kwa hasira, e nyembamba ina milimita 0.25 tu.

ridhimu_Ngamiani
Na hali ya hewa yetu hii? Naambiwa pwani ndiyo inaua magitaa.

Kitara_Pwani
Inachangia, ila inasingiziwa mengi. Chumvi ya bahari na jasho vinashambulia nyuzi kwanza. Uzi ulioota kutu hauna uzito sawa urefu wake wote, na huo huwezi kuurekebisha oktava hata ufanye nini. Pitisha ukucha chini ya uzi: ukihisi vijibonde pale freti zinapogusa, muda wake umekwisha. Kutu inaanzia pia ndani ya mfereji wa mfupa, na hapo uzi unakwama upya hata kama mfereji ni mzuri. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, juu na chini ya uzi. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vitupie ndani ya begi la gitaa.

Mbao inavuta unyevu na kuuachia, shingo inacheza kati ya masika na kaskazi. Hilo ni badiliko la wiki, si la wimbo mmoja. Kinachobadilisha ndani ya dakika ni joto: toa gitaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, liweke juani au chini ya taa za jukwaa, chuma kinatanuka na nyuzi zote zinashuka. Lipe dakika 20 mahali patakapopigiwa kabla hujatyuni.

Na Kitasa, kwa kuwa umeongeza kilo 9, pima shingo. Weka kapo (kibanio cha nyuzi zote) freti ya kwanza, bonyeza freti ya mwisho, tazama nafasi kati ya uzi wa E nene na freti ya 7 au ya 8. Milimita 0.25 ni nzuri. Fila (vibati vya kupimia nafasi) ya mafundi magari inapima vizuri kabisa. Ikiwa kubwa zaidi, geuza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki inayoingia bila kucheza, kwa mwendo wa saa, robo mzunguko, halafu tyuni na upime tena. Kikigoma usikilazimishe. Skrubu nne za kushikilia shingo nazo zihakikishe zimekaza.

Kitasa_Makorora
Ripoti. Vijiti vya kusafishia ncha za gesi nimepata duka la vifaa vya welding. G na D nimepanua kuta, "tik" imepotea. Nimeweka springi ya nne, vibao vinne vya laini, daraja limetulia kwenye milimita 3. Shingo ilikuwa milimita 0.4, robo mzunguko imeishusha kama mlivyosema. G sasa nikivuta inarudi.

Limebaki moja: E nene kuanzia freti ya 12 kwenda juu, inatoa kama sauti mbili zinazopigana, programu haiamui ni noti gani. Oktava yake nikiipima leo inakuja hivi, kesho vile.

fundi_waya_TA
Pikapu ya shingoni (kinasa sauti cha sumaku kilicho chini ya nyuzi) iko juu mno. Sumaku zake zinauvuta uzi mnene unapotikisika, haumalizi mtikisiko wake sawasawa. Springi mpya na nyuzi nene hazihusiki, ila umeshusha daraja, kwa hiyo nyuzi zimesogea karibu na pikapu kuliko zilivyokuwa.

Bonyeza E nene freti ya mwisho kabisa, pima kutoka juu ya sumaku mpaka chini ya uzi: angalau milimita 2.5. Upande wa e nyembamba 2 inatosha. Skrubu mbili za pembeni mwa pikapu ndizo zinazopandisha na kushusha. Shusha mpaka zile sauti mbili ziwe moja, kisha ndipo upime oktava ya E upya. Sauti ikipungua nguvu, ongeza kwenye ampu, usirudishe pikapu juu.